Gauni la Buluu la Bénédicte

Bénédicte aliuawa asubuhi, shambani nyuma ya kijiji cha Kashebere. Pigo la kwanza la panga lilimkata shingo. La pili likalichana gauni toka begani hadi kiunoni. Gauni lenyewe lilikuwa la wawili. Yeye na mdogo wake Libérata walikuwa wanawake wa miili mikubwa, na katika masoko yote ya njia ile hawakuwahi kupata zaidi ya gauni moja la kuwaenea. Jumapili walipokezana: mmoja misani, mwingine nyumbani, amejifunga kitenge.

"Tutwae gauni ndogo, tuipasue mugongoni, tumufunike nayo," mashangazi walisema. "Chini ya udongo nani ataona?"

"Wameshamupasua," Libérata akajibu. "Inatosha."

Kaburi lilikuwa likichimbwa. Akaenda sokoni, macho makavu.

Muhindo, mchuuzi kutoka Butembo, alikuwa akikata kamba za balo la mitumba. Ya mwisho ilipokatika, wanawake walizirukia nguo kama moto majani makavu. Libérata alikula kiwiko cha meno, akarudisha ngumi. Mkono wake ukanasa kitambaa cha buluu, kizito, kipana. Upande wa pili msichana mwembamba akavuta.

"Acha, Mama Tembo! Nitashona nguo tatu humu!"

"Anza kwa ngozi yangu."

Akamuuma mkono. Msichana akaachia, akilia.

Libérata alilipa, akalivaa gauni palepale juu ya nguo za shamba.

"Iko ya nani?" Muhindo aliuliza.

"Ya Bénédicte. Tunamuzika leo."

"Vua, mama! Nguo ya maiti haivaliwe na muzima!"

"Mimi na yeye tuko kipimo kimoja, Papa Muhindo."

Vifungo vilifika hadi shingoni. Hakuvua. Njiani kulikuwa na kizuizi, na wenye bunduki huanza kunyang'anya kilicho mkononi.

Mmoja wao alicheka alipomwona. "Watu wanakonda na vita, wewe unanenepa. Nani anakulisha? Umeficha nini humu?"

"Mwili yangu."

Kitako cha bunduki kikampasua juu ya jicho. Akaanguka magotini. Wakampapasa kila mahali, wakakuta nyama tu, wakamsukuma kwa kiatu.

"Enda, gunia!"

Alifika nyumbani akichuruzika. Mashangazi walipiga yowe.

"Kola imejaa damu! Tufue!"

"Haitakauka. Shimo iko tayari."

"Utamuzika na damu, Libérata?"

"Iko yetu. Imetoka tumbo moja na yake."

Akalivua, akamwinua dada yake peke yake, kwa maana uzito ule aliujua, akamvalisha. Alifunga vifungo kuanzia chini. Cha mwisho kiligoma kidogo juu ya kitambaa kilichofunga jeraha. Akavuta kola taratibu, kikaingia.