Mota Yenye Utepe

Watu wa huruma wananichosha. Mtu akikuchukia, angalau unajua umesimama wapi naye. Huyu wa huruma anakunyang'anya kazi huku anakufuta machozi.

Nilishona sare za shule kwenye karakana moja hapa Tabora mjini, kwa cherehani ya kukanyaga, miaka mingi. Kisha bodaboda ikatuangusha, mimi na dereva wake, njia ya Usoke, nikitoka kumsalimia mama, na mguu wa kulia ukakatwa. Niliporudi kazini na magongo yangu, tajiri akaniambia nikapumzike nyumbani, Mungu ataniona. Nikamwomba afunge mota kwenye cherehani yangu. Ile inakanyagwa kwa mguu mmoja tu, na wa kushoto ninao. Akasema wateja watadhani anatesa walemavu. Akanipa mfuko wa mchele, akaajiri mwingine.

Mchele, jamani! Nilikasirika hadi machozi yakagoma. Wenzangu wakaniona sina shukrani. Nikaenda ofisi ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, na huko ndiko nilikoambiwa kwamba sheria hairuhusu mtu kufukuzwa kwa sababu ya ulemavu, tena mwajiri anatakiwa kurekebisha mahali pa kazi ili mtu huyo aweze kufanya kazi yake. Tajiri akaitwa. Mbele ya msuluhishi akatulia kama maji ya mtungini, akasaini: nirudi kazini, mota ifungwe.

Nikadhani yamekwisha. Thubutu!

Siku ya kurudi nikakuta viti vya kukodi uani, spika, soda, mpiga picha, na bango kubwa: MSAADA KWA NDUGU YETU MLEMAVU. Mota iko mezani, imefungwa utepe mwekundu kama zawadi ya harusi. Mama yangu wamemtoa kijijini, wamemkalisha mbele kabisa. Tajiri akahutubia jinsi moyo wake ulivyoguswa. Msuluhishi hakumtaja, sheria hakuitaja. Nilijua nikishukuru tu, nimekwisha: msaada hutolewa na mwenye nao, na siku akichoka anauchukua.

Mama akaninong'oneza, "Mwanangu, sema asante yaishe."

Nikapewa kipaza sauti. Nikawaamkia wakubwa, kisha nikasema, "Huu si msaada. Tajiri alinifukuza kwa sababu ya mguu, na sheria imemlazimisha kunirudisha. Hii mota ni kifaa cha kazi, kama sindano."

Hakuna aliyepiga makofi. Mpiga picha akashusha kamera. Mama akajifunika uso kwa khanga, akaondoka na basi la mchana bila kuniaga, na nililia njia nzima ya kurudi nyumbani.

Kesho yake mota ilikuwa imefungwa kwenye cherehani yangu. Nikakaa, nikashona. Tajiri akapita mbele ya meza yangu bila kunisalimia, na mpaka leo hanisalimii. Sawa tu. Sikuajiriwa nisalimiwe.