Utepe Kwenye Tumbo la Chupa

Nakumbuka Jumatatu moja, mwanangu, nilipoharibu kwa mikono yangu kazi ya miezi mitano ya mtu aliyenitendea mema tu.

Nilikuwa kijana wa Kabiria niliyeishia darasa la saba, naosha vyombo katika maabara moja ya Parklands. Mkubwa wangu alikuwa Daktari Nalini, mama Mhindi aliyezaliwa mtaa huohuo. Alikuwa akilea seli za kinga, wale askari wa damu, ndani ya chupa bapa. Chupa yenye utepe mwekundu kazi yangu ilikuwa kuitia klorini na kuimwaga. Lakini Ijumaa iliyotangulia aliniambia, "Barasa, kuanzia leo utepe ukiwa kwenye kifuniko, mwaga. Ukiwa kwenye tumbo la chupa, usiguse. Umeelewa?"

Nikasema ndio. Sikuwa nimeelewa. Niliona aibu kuuliza.

Jumatatu nikamwaga chupa zote kumi na mbili zilizokuwa na utepe tumboni.

Okumu, mwenzangu wa sinki, akatazama chupa tupu, kisha akanitazama mimi. "Weh! Nyamaza tu, bana. Atadhani amebandika vibaya mwenyewe."

Na kweli alidhani hivyo. Nilimsikia akijisemea mbele ya kabati, "Nalini, umezeeka." Hapo nikashindwa.

"Ni mimi, Daktari. Uliponiuliza kama nimeelewa, nilikudanganya."

Nilishaanza kuvua aproni.

"Wewe Barasa! Jeshi langu lote umeosha pamoja na vikombe vya chai?" Kisha sauti ikashuka. "Kumwaga nimekusamehe. Hiyo 'ndio' yako ya Ijumaa ndiyo imeniuma. Vaa aproni, ukae hapa."

Akanichorea nyuma ya karatasi. Ndani ya seli, alisema, kuna protini ndogo iitwayo ubikwitini, nayo hubandikwa kwenye protini nyingine kama utepe. Ikiungana kuwa mnyororo wa namna moja, protini iliyobandikwa hupelekwa kuvunjwavunjwa. Ikiungana kwa namna nyingine, haivunjwi. Protini nyingine hukusanyika kwenye mnyororo ule, na habari kwamba mdudu ameingia husonga mbele mpaka seli iamke kupigana. Tena zipo protini za kuibandua alama hiyo, vita vipoe, la sivyo mwili ungejiunguza wenyewe.

"Alama ni ileile," alisema. "Jinsi ilivyofungwa ndiyo inayosema kama ni kufa au ni kazi. Sasa nirudishie kwa maneno yako."

Nilikosea mara tatu. Hakucheka. Tulianza kulea seli upya, na nikabaki kazini mpaka nikastaafu. Wanangu wote walisoma kwa kazi ile, ambayo angeninyang'anya kwa neno moja. Mwezi uliopita Daktari alifariki, tukamsindikiza Kariokor, kwenye moto wa kuchomea maiti kwa desturi ya dini yake. Sikuweza kusema kitu mbele ya watu. Ndiyo maana nakuandikia.

Mwanangu, usiitikie jambo usilolielewa. Aibu ya kuuliza hupita upesi. Ukikosa, sema mwenyewe kabla mwingine hajabeba lawama yako. Na ukimwona mtu ana alama, amefungwa jela au amefukuzwa shule, usimtupe kabla hujajua alama ile inasema nini.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kuuliza na moyo wa kukiri. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, akukutanishe na mtu mwenye subira kama niliyekutana naye mimi. Amina.