Kubadilishana Watoto Wodini

Qiao Yulan alikuwa mbishi, na ubishi ndio uliomponza. Mwanawe Dashuo alitimiza miaka minne bila kupiga hatua hata moja, na mama mkwe alishamwambia waziwazi: "Kiwete usinirudishie hapa." Basi akambeba hadi wodi ya watoto huko mjini Kaifeng, China. Humo dawa hudungwa kwa sindano pale pale ambapo waganga wa kale walichoma sindano zao kavu, zisizo na dawa: chini ya goti, pajani, kiunoni. Kila asubuhi. Na inauma hiyo, we acha tu!

Kina mama wa wodini walikuwa na desturi yao. Kila mmoja alimkandamiza mtoto wa mwenzake, ili sindano ikichomolewa mtoto amkute mama yake amemfungulia mikono.

"Mama Dashuo, nipe nikushikie," alisema Mama Lingling wa kitanda cha pili. "Wewe nishikie wangu."

"Wangu hashikwi na mtu baki."

"Haya, jikandamizie! Utakuja kulia mwenyewe."

Wenzake wakacheka. Yulan akamlalia mwanawe kifua kizima. Muuguzi alikuwa nyuma, haonekani. Uso alioutazama Dashuo akipiga mayowe ulikuwa wa mama yake. Kisha Mama Lingling akampa Dashuo kipande cha chungwa. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki, mpaka Yulan akiingia tu na uji wa mtama, mtoto anajikojolea.

Hapo akashtuka. "Dada, kesho nishikie wewe," akaomba.

"Sasa? Umechelewa, mwenzangu. Keshakujua."

Majira ya baridi yalipokaribia kwisha, walimsimamisha Dashuo kwenye vyuma vya mazoezi. Yulan akapiga magoti, akafungua mikono. "Njoo, baba. Njoo kwa mama."

Dashuo aliitazama ile mikono. Akaachia chuma, akageuka, akatembea! Aliyumba, akayumba tena, akaangukia mapajani kwa Mama Lingling.

Wodi nzima ikapiga makofi. "Katembea! Mama Dashuo, piga simu kwenu!"

Yulan akapiga, machozi yakimtoka. "Mama, anatembea."

"Basi mlete," mama mkwe akajibu, akakata.

Yulan akasogea kumchukua mwanawe. Dashuo alipomwona anakuja, hakulia. Alijilaza chali, akashusha suruali mwenyewe, akangoja.