Mlango wa Kuinama

Rafiki yangu, keti nikwambie, maana mpaka sasa mwili haujatulia. Yote yaliletwa na kitabu cha shule. Binti yangu alikuja nacho nyumbani, hapa Kisumu, akanionyesha picha za kamji fulani ka Ulaya kalikojaa kuta na nguzo za Warumi wa kale. "Baba, sisi hatuna?" Hatuna! Mimi niliyekulia kwenye kuta kama hizo niulizwe hatuna? Jumamosi tukashika njia kwenda kwa marehemu nyanya, ng'ambo ya ghuba.

Nyuma ya boma la nyanya kulikuwa na ohinga, mji wa kale uliozungushiwa ukuta wa mawe matupu, bila simiti wala udongo. Nani aliujenga, hata nyanya hakujua. Aliolewa hapo akayakuta mawe yameshazeeka. Ndani tulilisha mbuzi na kucheza kibe, kujificha na kutafutana. Jua likiwaka, ukiegemea ukuta ulihisi baridi yake ikipenya shati, na harufu ya omena, dagaa wa ziwa, iliyoanikwa ufukweni ilitufuata mpaka humo.

Mlango ulikuwa mfupi, juu yake limelala jiwe moja refu jeusi. Hata sisi watoto tuliinama kuingia. Mwalimu mkuu, mtu wa majivuno, alijigonga kipara pale, nyanya akacheka mpaka akakaa chini. "Hapa hakuna mkubwa," akamwambia. "Utainama tu."

Lakini kwa mawe yake alikuwa mkali, yawa! Jiwe likianguka, lilirudishwa kabla ya kula. Nyoyo inatoa mvuke jikoni, mahindi na maharagwe yameiva vizuri, na sisi tuko ukutani tunabembeleza jiwe lisilotaka kukaa. Hata dogo la kusugulia miguu hukuruhusiwa kubeba. "Ukibomoa nyumba ya waliokutangulia," alisema, "wanao watalala nje." Haya yote nilimsimulia binti njiani, naye akawa anauliza kama tumekaribia.

Basi tukafika. Nikamshika mkono, tukazunguka nyumba. Hakukuwa na ukuta. Nikageuka nikaitazama nyumba, ndiyo yenyewe, nikageuka tena. Uwanja mtupu, rundo la kokoto, na baba mdogo ameketi juu ya gunia anapasua jiwe kwa nyundo. Ko, ko, ko. Haki ya Mungu, nikasimama pale pale.

"Karibu nyumbani, kijana yangu! Mbona unasimama hivyo?"

"Ukuta uko wapi?"

"Si ndio hii?" Akaelekeza nyundo kwenye kokoto. "Barabara ilikuja, watu wakataka kokoto. Hiyo mawe ilikuwa inakaa tu. Hata wewe, ulikuwa unakuja kuiona?"

Nilifoka. Nilimuuliza mama yake angesema nini, yeye aliyetunyima chakula kwa ajili ya jiwe moja. Hakukasirika. Alijifuta vumbi usoni, akasimama.

"Mama sikumsahau. Kuja uone."

Akatupeleka kaburini. Juu ya simiti lilikuwa limelazwa lile jiwe refu jeusi la mlangoni.

"Hiyo moja ilikataa kupasuka," akasema. "Nilipiga mpaka mpini ikavunjika. Nikasema basi, hii ni ya Mama."

Jina la nyanya lilikwaruzwa kwa msumari, herufi ndogondogo, huwezi kulisoma ukiwa wima. Nikainama. Nilibaki hivyo muda mrefu, machozi yakinidondoka, na kule ulikokuwa ukuta wake, tulikokuwa tukisukumana kuingia, upepo wa ziwa ulikuwa unapita bila kizuizi.

Mke wa baba mdogo akatuita tukale. Nilipoinuka nilimwona binti ameokota kokoto karibu na kaburi, ameifumbata kwa mikono miwili.

"Baba," akaniuliza, "hii tunairudisha wapi?"

Siku hiyo sikula.