Chungu Kilichomwagiwa Maji

Farasi alikufa asubuhi, jua limeshatoka, kichwa chake kimenilalia mapajani, kizito kama gunia la mahindi, povu jeupe linamtoka puani. Nyapara alitazama lile povu, akaniangalia mimi, akawaambia watu waliokusanyika, "Amempa sumu." Maneno hayo ndiyo yaliyonipeleka jela miezi sita. Nilisoma mpaka darasa la pili tu, lakini haya nitayaandika mwenyewe.

Farasi hakuwa wangu. Alikuwa wa meneja mzungu wa shamba la mkonge upande wa Voi, nami nilikuwa saisi wake: kumlisha, kumsugua, kumtandika. Miaka ile ya hamsini shamba halikuwa na banda, kwa hivyo meneja aliniambia nikae naye kwangu.

Nilimjengea kibanda kilichoshikana na jiko letu. Jua likianza kushuka namwingiza, nawasha mavi makavu ya ng'ombe kwenye chungu kilichovunjika, moshi unajaa, mbu na vijidudu vya mvua vinakimbia. Mama yangu kule Chawia alifanya hivyo kwa ndama wake. Hakuna mzungu aliyenifundisha. Mke wangu alinung'unika kwamba nguo zake zinanuka kuliko farasi. Siku nyingine aliniuliza kama mke mwenzake ameshakula. Mvua za miaka miwili zilipita, farasi wa wazungu wengine wakafa kwa ugonjwa wa vijidudu hivyo, povu puani, wetu akanawiri mpaka manyoya yakang'aa.

Halafu meneja akajenga banda la mabati, sakafu ya simiti, kuta za chokaa. Farasi wake na wa rafiki zake watalala pale pamoja, chini ya nyapara. Sikukataa banda. Nilikwenda na chungu changu, na jioni ya kwanza nikawasha. Nyapara akaja na ndoo.

"Zima. Chokaa itakuwa nyeusi."

"Mzee, mvua imeanza. Bila moshi huyu hafiki Krismasi."

"Hapa si kwa mama yako Chawia," akasema, akamwaga maji kwa mkono wake mwenyewe. Wafanyakazi wakacheka, mmoja akasema basi nimtolee farasi mahari tujue moja.

Nikaenda kwa meneja, nikamweleza yote. Akasema mkubwa wa banda ni nyapara. Nikaomba basi farasi alale kwangu, nimrudishe kila asubuhi. Akasema farasi wake halali jikoni tena. Wiki tatu baadaye, povu.

Kortini nyapara aliapa kwamba hajawahi kuona chungu wala moto. Meneja, aliyesikia kila kitu kutoka mdomoni mwangu, alinyamaza. Nilipotoka jela hakuna shamba lililonitaka. Kila geti walishasikia habari ya muua farasi.

Meneja alishakwenda kwao, na aibu yake amekwenda nayo. Lakini nyapara yuko hapa hapa Voi, mzee wa kanisa, kila Jumapili anasimama kusoma matangazo. Wanawe wananiamkia shikamoo, nikipita wananiita jina lile.

Nyapara asiniletee kuku wa kuomba msamaha nyumbani, wala asinishike mkono pembeni nyuma ya kanisa. Alinisingizia mbele ya watu. Asimame mbele ya watu, kabla ya matangazo, aseme ni nani alimwaga maji kwenye chungu. Mimi nitakuwa benchi la mbele.