Maziwa ya Kukata Sumu

Juzi niliingia kihoteli kimoja nyuma ya Soko la Burma, nikaagiza chai na mandazi. Mhudumu akamimina maziwa kwenye kifuniko cha sufuria, akamsukumia paka aliyelala chini ya meza yangu. Nikafoka kabla sijafikiri. "Muondolee hayo maziwa!" Akanikodolea macho. "Mathe, kwani ni yako?" Nililipa nikatoka, chai ikiwa nusu. Hasira ile si ya juzi, rafiki yangu. Ni ya miaka mingi.

Nililelewa na nyanya katika nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, upande wa Jogoo Road, miaka ya tisini ikianza. Kila familia ilikuwa na chumba chake, lakini jiko tulilitumia pamoja na jirani mmoja aliyetoka upande wa ziwa. Mtaa mzima ulimwita Mama Samaki. Kila jioni alikaanga mgongo wazi, yale mafupa ya samaki yenye kichwa na mkia ambayo viwanda vimeshachukua minofu yake, akayapanga kwenye sinia nje ya mlango, koroboi likiwaka kando. Mpaka leo nikisikia mafuta yakichachatika, tumbo linaamka.

Nyanya hakumpenda. Alisema harufu ile inaingia hata ndani ya Biblia yake. Mama Samaki naye hakumpenda paka wetu, jike wa kijivu ambaye nyanya alikuwa ameanza kumpa maziwa yanayobaki ya chai. Basi paka huyo akaanza kuharisha, na mahali alipopachagua ni jikoni, kando ya karai la samaki.

"Shosho, funga mnyama wako," Mama Samaki alisema, mbele ya wateja. "Akirudia hapa nitamwekea dawa ya panya."

Angejua, angeyameza maneno hayo.

Wiki haikuisha kabla paka hajaanza kutapika pia. Nyanya hakuhitaji ushahidi mwingine. Kwetu aliyekula sumu alipewa maziwa. Hakuna aliyebisha kwamba maziwa hukata sumu. Akaanza kununua pakiti mbili badala ya moja, na bakuli la paka likajaa asubuhi na jioni. Kadiri paka alivyokunywa ndivyo alivyoharisha, na kadiri alivyoharisha ndivyo nyanya alivyosema kwamba yule mwanamke ameongeza sumu. Aliyesafisha ni mimi. Nilimwaga jivu juu ya uchafu, nikafagia, nikapiga deki, na asubuhi ya pili nikaanza upya.

Nyanya hakwenda kwa chifu. Alifanya baya zaidi. Alisimama kwenye bomba la maji, kina mama wakiwa kwenye foleni na mitungi yao, akauliza kwa sauti, "Anayemwekea paka sumu jikoni, mnadhani ananawa mikono kabla ya kukaanga?" Basi. Kufikia Jumamosi samaki walipoa kwenye sinia bila mnunuzi. Sisi watoto tukapita mlangoni kwake tukiimba, "Samaki wa sumu! Samaki wa sumu!" Nimesema sisi. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko zote.

Kisha Mama Samaki akaenda kwao kuzika, na paka akapona. Nyanya alipita mlango hadi mlango. "Si mmejionea? Ameondoka, paka ni mzima." Hata mimi niliamini. Lakini wiki hiyohiyo maziwa yalikuwa yamepotea madukani, na nyumba nzima tulikunywa chai ya rangi.

Mama Samaki alirudi Alhamisi. Mimi nilikuwa mtoto wa kufungua redio nione anayesemea ndani, kwa hiyo niliketi kwenye ngazi nikimvizia paka aharishe. Alhamisi hakuharisha. Ijumaa nilimwona kwa macho yangu akitafuna kichwa cha samaki mlangoni kwa Mama Samaki, na bado hakuharisha. Jumamosi maziwa yakarudi dukani. Nyanya akajaza bakuli, eti kinga. Kabla ya chakula cha mchana, jikoni hapakuingilika.

Nilimwambia nikiwa na jivu mkononi. "Nyanya, ni maziwa. Si Mama Samaki." Nikamhesabia siku moja moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo ndilo nimeshindwa kumsamehe. Alisikiliza. Kisha kofi likatua.

"Amekulisha samaki wangapi? Ukifungua huo mdomo huko nje, utalala hukohuko nje."

Jumapili paka hakupewa maziwa. Jumatatu pia. Hakupewa tena maishani mwake, na nyanya alisema tu kwamba bei imepanda. Paka akanenepa. Lakini kwenye bomba la maji nyanya hakusema neno, nami sikusema neno, na sinia likaendelea kurudi ndani limejaa. Mwisho wa mwezi Mama Samaki alipakia karai na godoro kwenye mkokoteni, akahamia mtaa wa Huruma. Kabla ya kuondoka alisimama mbele ya mlango wetu.

"Shosho, paka wako amenona. Siku hizi anakula nini?"

Nyanya akafunga mlango. Mimi nilikuwa ndani, nimempakata paka.

Miaka michache baadaye niliacha shule, nikaanza kuzunguka, leo Nakuru, kesho Malaba, kazi yoyote. Huruma nimemtafuta mara mbili, ghorofa kwa ghorofa, bila kumpata. Nyumba zetu zimebomolewa, bomba limeng'olewa, na nyanya alizikwa akisifiwa kanisani kwa ulimi wake mpole. Nilinyamaza hata siku hiyo.

Juzi hiyohiyo, nilipotoka kihotelini, nilikutana na mzee tuliyeishi naye mtaa mmoja. Alikuwa amekaa nje ya bucha akingoja nyama yake ya kuchoma iive. Alifurahi kuniona.

"Unamkumbuka yule mama wa samaki wa sumu?" akauliza.

"Samaki wake walikuwa safi," nikamwambia. "Ni maziwa yetu."

Akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akaniimbia ule wimbo, hajasahau hata neno.