Mito Myepesi, Sanduku Kubwa

Mama Pamba, mshonaji wa mito, alifika posta na sanduku la mito, roho kwatu. Alishamwahidi mteja wa mbali kwamba kutuma ni bei chee, maana mito ni myepesi.

Karani akalipima sanduku kwa futi. "Mama, hili linakula nafasi. Tunatoza ukubwa pia, si uzito peke yake."

Mama Pamba akaketi, akainuka, akazunguka benchi kama aliyepoteza ufunguo. Mwishowe akampigia mteja.

"Mwanangu, nikikutumia foronya tupu, utajaza pamba mwenyewe? Bei nitapunguza."

"Hamna shida, mama."

Akafumua mishono palepale mlangoni, na foronya zote zikaenea kwenye bahasha moja. Akarudi nyumbani amekumbatia pamba, akiwaza wateja wengine aliokwisha kuwaahidi.